Kengele, Kompyuta na Mdomo Wangu

Wengi wenu mnaokuja kwangu hapa Kitengela mnafika na laptop mgongoni na swali moja mdomoni: "Mzee, ile sauti ya kengele mliipata aje?" Mnataka niwatajie programu. Mnataka niwape faili. Mmoja aliniuliza kama sauti hiyo iko mtandaoni, na nilipomwambia haiko akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia nyumba yangu haina choo.

Basi nitaandika mara moja, mpunguze kunipigia simu saa ya chakula. Mimi nimestaafu. Nilifunga na kufungua spika miaka mingi kuliko umri wenu, kuanzia enzi za zile spika za tarumbeta tulizokuwa tukifunga juu ya miti siku za harambee. Nimeweka sauti mazishini, kanisani, minadani, na kwenye kampeni za walioshinda na walioshindwa, na wote walinilalamikia kwamba maiki ya mwenzao ilikuwa bora. Lakini hayo hamyaulizi. Mnachouliza ni ile miaka michache ya mwisho, nilipofanya kazi na Nasieku, msichana aliyekuwa akitengeneza muziki wa kompyuta, ule wa kucheza, wa dundo moja lisilochoka, na kuuchanganya na kengele za ng'ombe na njuga za miguuni. Hiyo ndiyo inayonifanya nionekane mtu mbele yenu. Nami sikatai kuonekana.

Anzeni na hili: kengele haipigwi.

Nililijua hilo kwa aibu. Nasieku alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akafunika kuta kwa magodoro yaliyochoka ili sauti isirudi. Akaleta kengele tano za baba yake. Mimi, fundi wa miaka mingi, nikazitundika kwa kamba, nikachukua kijiti, nikagonga. Ikatoka sauti ya shule ya msingi saa ya mapumziko. Tukahangaika nayo tangu asubuhi. Alipoiwekea dundo chini yake mambo yakawa mabaya zaidi, sasa ilikuwa shule ya msingi inayobomolewa.

Alasiri baba yake akapita. Huyu ndiye Mzee Parsaloi. Alikuwa na karakana ng'ambo ya barabara ya Namanga. Mbele alichomelea mageti na madirisha ya hawa watu wanaojenga kila mahali, na nyuma, kwenye kibanda cha mabati, alikuwa na moto wa makaa, mivukuto na nyundo, akifua kengele kama baba yake na babu yake. Alisimama mlangoni kwa heshima, kofia mkononi, akasikiliza kazi yetu mpaka mwisho.

"Hii ng'ombe imesimama?" akauliza.

"Mzee, hapa hakuna ng'ombe," nikamwambia.

"Hiyo naona. Kengele haigongwi, Baba Wanja. Kengele inabebwa. Tafuta mtu atembee."

Watu wa kutembea tulikuwa wawili, na Nasieku alikuwa na mashine ya kusimamia. Ndivyo nilivyojikuta, mimi mzee wa kanisa, nimefungwa kengele shingoni kwa ukanda wa ngozi, nikizunguka uani huku nimeinama, maana Mzee alisisitiza kwamba shingo ya ng'ombe haisimami wima. Katika mzunguko wa tatu mama mmoja wa kanisani kwetu akaja kununua misumari. Alinisalimia vizuri sana. Jumapili iliyofuata niliombewa, bila kutajwa jina, lakini kwa maelezo ya kutosha.

Ile ndiyo sauti mnayoiulizia. Mnapocheza nyimbo zetu, vijana, mnacheza mwendo wa goti langu la kushoto, ambalo ni bovu.

Baadaye Mzee alitutengenezea fremu ya chuma yenye ubao chini. Kengele zilining'inia kwa ngozi, Nasieku akikanyaga ubao zinayumba kama ziko shingoni, na mikono yake inabaki kwenye kompyuta. Miguuni alivaa njuga. Goti langu likapata likizo. Lakini hata kwa fremu ile, ukikanyaga kwa hasira unarudi shuleni. Kanyaga kama mtu anayekwenda kwenye maji na hana haraka.

Jambo la pili, maiki. Msiiweke mbele ya mdomo wa kengele, itapasua sauti na masikio yenu pia. Iwekeni ubavuni, umbali wa shibiri moja, na mkate besi yote kwenye njia ya kengele, kwa sababu besi ni shamba la dundo na mashamba Kajiado tayari yana kesi za kutosha. Na ulimi wa kengele uangalieni. Ukiwa wa bolti, sauti inakata na inafika mbali. Ukiwa wa mti mgumu, inakuwa nzito na karibu. Tulichanganya zote mbili, moja ya mti kwa kila mbili za bolti. Na kuna siri nyingine isiyo siri: aliyenifundisha kazi hii, fundi mmoja mkali wa Machakos, alikuwa akisema mtu yeyote anaweza kuongeza sauti, fundi ni yule anayejua cha kupunguza. Nasieku nilimwambia maneno hayo mpaka akawa anayamalizia kabla yangu.

Tatu, kompyuta inahesabu, kengele haihesabu. Mwanzoni Nasieku alichukua kila mlio na kuuvuta mpaka ukae juu ya mstari, sawasawa, kama wanajeshi. Ikanyooka, ikafa. Tulisikiliza tukatazamana. Kisha akafanya kinyume: akaiacha kengele itembee inavyotembea, akalisogeza dundo ndilo limfuate ng'ombe, nyuma kidogo, mbele kidogo. Hapo ndipo nilipoona miguu yangu inasogea bila ruhusa. Mimi si mtu wa disko. Nilijifanya natafuta waya.

Kuhusu noti, msisumbuke. Kengele ya kufuliwa kwa mkono haijui do wala re. Ina sauti mbili zinazogombana ndani ya chuma kimoja, na ugomvi huo ndio utamu wake. Nasieku aliwahi kumpelekea baba yake kengele akitaka aipandishe kidogo ilingane na kinanda. Mzee akaichukua, akaigonga nyundo mara moja ubavuni, akasikiliza.

"Sasa imekasirika," akasema. "Unataka niongeze?"

"Papa, lakini haiingiani na kinanda."

"Hiyo kinanda si ilitengenezwa na mtu? Ambia hiyo isogee."

Na kweli, Nasieku akashusha wimbo mzima ukakaa kwenye sauti ya kengele kubwa. Tangu siku hiyo kila wimbo wetu ulianzia kwenye kengele. Wale waliosomea muziki walituuliza tunatumia mfumo gani wa noti. Tukawaambia ni wa kisasa.

Najua kuna hadithi mnayoingoja, ile ya ng'ombe waliosikia kengele kwenye spika wakaja mbio uwanjani. Hata gazeti liliwahi kuniuliza. Tulicheza Isinya, uwanja wazi, na ng'ombe walikuwepo, upande wa pili wa uzio. Mmoja aliinua kichwa, akasikiliza labda dakika moja, akarudi kwenye nyasi. Ng'ombe anajua kengele isiyo na mwenzake chini yake. Waliokuja mbio ni mbuzi, lakini hao walifuata mabaki ya mahindi ya kuchoma.

Magadi ndiko tulikofundishwa adabu. Joto la kule mnalisikia tu. Tulifunga mitambo saa tisa mchana kwenye sherehe ya watu, Nasieku akaanza, watu wakaingia, na katikati ya wimbo wa tatu laptop ikajizima. Haikuungua. Ilichoka tu na maisha. Mimi nikaanza kuomba radhi kwenye maiki, kazi ambayo nilikuwa nikiifanya vizuri kuliko zote. Nasieku hakuniangalia. Aliendelea kukanyaga ubao. Kengele na njuga, basi. Kwanza watu walisimama, halafu mama mmoja wa makamo akaanza kutikisa mabega, halafu wanaume wakaruka, na kwa muda mrefu uwanja mzima ulicheza bila hata waya mmoja kuwa na kazi. Mashine ilipopoa na kurudi, Nasieku aliliingiza dundo taratibu, kwa woga, kama mgeni aliyechelewa. Tangu hapo alikuwa akisema kompyuta ndiyo mgeni na kengele ndiyo mwenyeji. Nilikubaliana naye, ingawa iliniuma kwamba hakuna aliyesikia radhi zangu.

Mmeona sasa tabia yangu. Nikipewa maiki, naongea. Nilikuwa nikisema "moja mbili, moja mbili" mpaka nafika arobaini.

Sasa niwaambie kosa dogo kabla ya kubwa. Kila nilipokwenda karakana kuchukua kengele, Mzee Parsaloi hakunipa mkononi. Aliiweka chini, mimi nikaiokota. Niliona ni mgongo wake, au ni desturi ya unyenyekevu. Na wazee waliokuja kununua kengele kwa ajili ya ng'ombe wao walikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya kondoo, wakijipaka viganjani kabla ya kuigusa. Mimi nikafikiri ni ya kuzuia kutu. Nikasifu akili yao. Nikanunua mafuta yangu, nikawa najipaka na kuipaka kengele, na vijana wawili watatu niliowafundisha niliwaambia: kengele mpya, mafuta kwanza, ni mbinu ya wenyeji. Mzee aliniona nikifanya hivyo mara nyingi. Hakusema neno. Labda alicheka nyuma ya kibanda, labda hakucheka. Mimi nilizaliwa Kiambu katika nyumba ya kanisa, na mambo ya mila, hata ya kwetu, niliyasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Na kweli mafuta yanazuia kutu.

Halafu Nasieku akapata mchumba. Lemayian, mwalimu, kijana mtulivu wa familia ya wafugaji nje kidogo ya Kajiado. Wazazi wakakutana, ng'ombe wakazungumzwa, tarehe ikawekwa. Harusi ingekuwa nyumbani kwa kina Lemayian baada ya ibada, na muziki ungekuwa wa bibi harusi mwenyewe. Kwa kuwa bibi harusi hawezi kusimama kwenye mashine na shela kichwani, mtu wa kubonyeza alikuwa mimi. Msichana wa kwaya aliyezijua njuga angekanyaga ubao.

Wiki moja kabla, Mzee Parsaloi alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa na mazoea hayo. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe mezani, akasema polepole:

"Baba Wanja, hiyo siku mimi nitakuwa baba ya Nasieku. Hiyo tu. Hakuna kitu ingine."

"Naelewa kabisa, Mzee," nikamwambia.

Nilielewa kwamba hataki kusaidia kubeba spika.

Nasieku naye alinipa karatasi ya nyimbo kwa mpangilio, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika: USIONGEE. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kawaida kati yetu.

Siku ya harusi mitambo yangu ilikuwa safi kuliko siku zote. Ninawaambia kama fundi: hakuna kelele, hakuna mluzi, sauti inafika mpaka kwenye zizi na kurudi ikiwa nzima. Mahema mawili. Upande mmoja wazee wa kina Lemayian na shuka zao na bakora, upande mwingine sisi wa Kitengela, majirani na watu wa kanisa. Mzee Parsaloi alikaa mstari wa mbele, suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Nilikuwa sijawahi kumwona bila masizi mikononi. Alikaa wima, na kila baada ya muda alimtazama binti yake upande ule wa wakwe, na nikaona uso wa mtu aliyevuka mto akiwa na mzigo kichwani na haujalowa.

Wimbo wa kengele ukaingia. Watu wakainuka, hata wazee wengine wa upande ule walikuwa wakipiga bakora chini kwa mwendo. MC alikuwa amekwenda kula. Maiki ilikuwa mezani kwangu, imewashwa. Nikamwona Mzee Parsaloi amekaa pale, hakuna anayejua kwamba sauti yote hii imetoka mikononi mwake, na moyo wangu ukajaa. Nawaambia ukweli, nilimpenda mzee yule. Niliona ni dhuluma. Nikashusha muziki kidogo, nikaongeza eko, ule mwangwi, kwenye maiki, nikasema:

"Wageni waheshimiwa, hizi kengele hazikununuliwa dukani. Zimefuliwa kwa moto na nyundo, na mhunzi mwenyewe ndiye huyu hapa, baba ya bibi harusi. Mzee, simama tukuone."

Upande wa Kitengela ulipiga makofi vizuri sana. Upande mwingine bakora zilinyamaza.

Mzee alisimama. Angeweza kukataa, lakini nilikuwa nimemwambia asimame mbele ya watu wote, na yeye ni mtu wa heshima. Alisimama wima, mikono ubavuni, hesabu ya kumi hivi, akaketi. Shangazi mmoja wa Lemayian aliyekuwa amekaa karibu naye alivuta kiti chake. Hakukivuta mbali. Baba wa bwana harusi alipopewa nafasi ya kuongea alisema maneno machache, na mara tatu alisema kwamba wao ni Wakristo. Mtu akisema mara tatu kwamba yeye ni Mkristo, ujue kuna jambo anabishana nalo. Mimi nilipandisha muziki tena, vijana wakacheza, wazee wa upande ule wakaanza kukumbuka ng'ombe wao na kuondoka, mmoja mmoja. Nilidhani ni umri.

Wiki mbili nzima nilikuwa nikingoja kushukuriwa.

Nasieku alikuja kuchukua laptop yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakuvua koti.

"Baba Wanja, ile siku uliongea."

"Kidogo tu. Watu walifurahi?"

"Watu wa Kitengela walifurahi."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. Kwamba kwa Wamaasai wafua chuma ni ukoo wa pembeni, ilkunono, tangu zamani. Kwamba watu walichukua mikuki yao na kengele zao lakini hawakuchukua binti zao, wakiamini chuma kinacholetwa na mkono ule kinaleta damu na magonjwa nyumbani. Kwamba ndiyo maana ya kuweka kengele chini, na ndiyo maana ya mafuta ya kondoo, kujikinga na mkono ule. Kwamba siku hizi kila mtu atakwambia hayo yalikwisha, na wengi wanasema kweli, mpaka siku ya kuozana. Niliangalia viganja vyangu. Nilikuwa nimevipaka mafuta mbele ya mzee yule miaka yote ile.

"Sasa wale wakwe hawakuwa wanajua?" nikauliza.

"Walijua. Huwezi olewa bila kuulizwa ukoo. Walijua tangu siku ya kwanza, na wakakubali."

"Kama walijua, mimi nimeharibu nini?"

"Kujua ni kitu moja. Sasa wamesikia." Akavuta laptop karibu. "Kuna watu wa ule ukoo walikuwa wanaweza kusema hawajui. Shangazi alikuwa anaweza kukaa karibu na Papa na kusema hajui. Wewe umemnyima hiyo."

Nilitaka kusema kwamba nilimsifu baba yake. Nilitaka kusema kwamba mhunzi ni mtu wa kuheshimiwa. Yote ni kweli na hakuna lililokuwa na faida.

"Nikipata mtoto," akasema, "akikohoa tu, mtu atasema ni chuma. Lemayian hatasema. Mama yake hatasema. Lakini mtu atasema." Akafunga laptop kwenye begi. "Ni wewe ulinifundisha kupunguza. Hata niliandika kwa karatasi."

Alikuwa haongei kwa hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Ningependa anitukane. Badala yake alinishukuru kwa mitambo, akasema sauti ilikuwa safi sana. Hilo pia ni kweli. Kama mitambo ingekuwa mibovu kidogo, kama jenereta ingezima, kama eko ingewachanganya, ningekuwa na rafiki yangu mpaka leo. Mambo mengi mabovu niliyowahi kuyafanya yaliokolewa na waya mbovu, ila lile moja.

Nilikaa miezi kadhaa bila kwenda karakana. Nilijiambia nampa Mzee nafasi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilipokwenda hatimaye, nilikuta kibanda cha nyuma kimebomolewa. Mahali pa moto palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga vyuma vya mageti vimepangwa. Mbele kulikuwa na kibao kipya kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: WELDING, MAGETI NA MADIRISHA. Na wateja walikuwa wengi. Mnaona mambo ya dunia hii: chuma kilekile, mikono ileile, akikichomelea kwa umeme ni fundi na anaitwa bosi, akikifua kwa moto ni mtu wa kuwekewa kiti mbali.

Alinipokea vizuri. Aliagiza chai. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya malisho, na mimi nikakusanya nguvu nikamwomba radhi, kwa maneno machache, jambo ambalo kwangu si rahisi.

"Hukusema uongo," akanijibu.

"Ndiyo, lakini..."

"Hukusema uongo, Baba Wanja. Ingekuwa uongo ningekataa. Ningesimama niseme huyu mtu ni mlevi." Akanywa chai. "Hiyo ilikuwa ukweli yangu. Nilikuwa nimeiweka mahali."

Hapo mtu mwenye akili angeaga. Mimi nikaona nimesamehewa, na kwa kuwa kengele kubwa ya fremu ilikuwa imepasuka, nikamuuliza kama angeweza kunifulia nyingine, moja tu, ya mwisho, kimyakimya. Nilisema hivyo, kimyakimya, mimi. Hakukasirika. Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vifaa, ambako kengele za kiwandani zilikuwa zimening'inizwa mlangoni, zote za ukubwa mmoja, zinang'aa.

"Nunua zile," akasema. "Zile hazina baba."

Akaendelea, akitazama mikono yake, ambayo sasa ilikuwa na makovu ya cheche badala ya masizi.

"Nasieku ako na mimba. Huyo mtoto ataenda shule huko Kajiado. Wataulizana, babu yako anafanya nini. Yeye atasema, anatengeneza mageti. Wewe wacha aseme hivyo."

Kwa hiyo mkija kuniuliza zile kengele zinauzwa wapi, jibu ni kwamba hazifuliwi tena, na aliyezimaliza ni mimi, kwa sentensi tatu na eko kidogo. Zilizobaki ziko kwenye kompyuta ya Nasieku, na hatoi. Za dukani zitawafaa. Wekeni maiki ubavuni, kateni besi, acheni dundo lifuate mwendo, na hakuna atakayejua tofauti isipokuwa ng'ombe.

Majina niliyoandika hapa si yao, wala duka halikuwa mahali nilipoliweka. Mafundi wa mageti Kitengela ni wengi. Mkipita kwa mmoja, mzee, mpole, anayekigonga chuma kwa kidole na kukisikiliza kabla ya kukichomelea, msimwulize kitu. Agizeni geti.